Istikhara Niliyomtuma Mtu

Jumapili, kabla ya alasiri. Upepo umeanza tangu asubuhi na vumbi la Nkuhungu limeingia mpaka ndani ya kabati la sahani nililolifunga kwa ufunguo. Nimefuta meza, nikafuta tena, na sasa nimeziacha. Jumapili huwa sifungui. Nimekuja hapa mgahawani peke yangu kwa sababu nyumbani ningegombana na mtu asiye na kosa.

Nimekasirika. Ninaliandika hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akasoma mpaka katikati akisubiri mawaidha.

Kwa asiyenijua, mimi ni mama ntilie. Siku hizi wananiita mwenye mgahawa kwa sababu nina viti vya plastiki na feni moja, ila kazi ni ileile. Nimezaliwa Kolo, Kondoa. Nilikuja Dodoma mjini na sufuria mbili na jiko la mkaa, nikaanza kupika chini ya turubai, na hakuna aliyenishika mkono. Leo nina wanawake watatu ninaofanya nao kazi, na siku ya kawaida tunatoa sahani mia na ishirini. Mwisho wa mwezi, mia na hamsini. Sijisifu. Nataka ieleweke tu kwamba hesabu naijua, na ndiyo maana hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Mwenye jengo hili alituambia mapema mwaka huu kwamba anabomoa, anataka kupandisha ghorofa. Haki yake. Nikaanza kutafuta pengine, na baada ya kuzunguka sana nikapata fremu ya duka Miyuji, kwenye barabara wanayopita wanafunzi wa hosteli na watu wa maofisini. Mwenyewe ni Mzee Ndahani, Mgogo mpole, mzee wa kanisa, anayeongea kana kwamba kila neno analikatia risiti. Nilikwenda saa za chakula nikakaa ng'ambo ya barabara, nikahesabu vichwa. Nikarudi siku nyingine nikahesabu tena. Waliokuwa wanapita bila mahali pa kula walikuwa mara mbili ya ninaowalisha hapa. Maji yapo, umeme upo, choo kipo, nyuma kuna uwanja mtupu wenye ukuta. Kichwa kilitulia. Moyo nao ulitulia.

Mtu mwingine angelipia siku ileile.

Mimi nikaogopa. Kitu kikiwa kizuri kiasi hicho huwa natafuta ubaya umejificha wapi. Nikamwambia Mzee Ndahani anipe muda nimwulize Mungu. Akasema, "Hapo sina neno, mama. Muulize."

Na nilitaka kumwuliza kweli. Ila sikumwuliza. Nilimtuma mtu.

Tuna darasa la akina mama kila Alhamisi baada ya alasiri. Anayetuongoza ni Bi Zuhura. (Majina nimebadilisha, ingawa wa darasani watajijua.) Ni mkubwa wetu, Qur'ani anaisoma kwa sauti ya kuliza watu, na kwa miaka yote niliyomjua yeye ndiye anayepelekewa mambo. Binti anaposwa, mama yake anakwenda: Bi Zuhura, nisalie istikhara. Mtu anataka kuuza kiwanja, au kijana wake kaitwa kazini Mwanza, ni hivyohivyo. Bi Zuhura anauliza jina lako, jina la mama yako, na jambo lenyewe, halafu analala nalo. Baada ya siku chache anakuvuta pembeni anakuambia alichoona. Akiona maji masafi au majani mabichi, endelea. Akiona nyoka au kitu cheusi, acha.

Sheikh wetu ameshalisema hili tena na tena, tumekaa tunamsikiliza. Istikhara anaiswali mwenye jambo lake. Rakaa mbili, kisha anaomba kwa mdomo wake, na wala hakuna sharti la kuota. Huwa tunaitikia wote. Tunatoka nje, viatu hatujavaa sawasawa, mtu ameshamshika Bi Zuhura mkono.

Nami nikamshika mkono.

Akaniambia jambo litajwe vizuri, dua isiende hewani. Nikalitaja. Ee Mola wangu, nililitaja. Mtaa, rangi ya mlango, jina la mwenye fremu, kodi aliyoanza nayo na pale alipokuwa tayari kushuka, watu wanaopita saa ya chakula, uwanja wa nyuma. Nilimpa mpaka namba ya simu ya Mzee Ndahani. Sijui nilidhani ni malaika gani angeihitaji.

Baada ya siku chache akaniita. "Mwanangu, nimeona mlango unafuka moshi. Moshi mzito. Achana nao."

Nikaachana nao.

Mimi. Mwenye majiko matatu, niliyelia kwa moshi tangu nikiwa msichana, nikaambiwa kuna moshi mlangoni na nikashtuka. Mgahawa gani haufuki moshi? Hilo swali lilinijia juzi. Siku ile halikunijia, kwa sababu siku ile sikuwa natafuta jibu, nilikuwa natafuta mtu wa kubeba lawama iwapo mambo yataharibika.

Nikampigia Mzee Ndahani nikamwambia Mungu hajaridhia. Akasema, "Sawa, mama. Mungu akikataa, mimi ni nani?"

Ijumaa nilikuwa Miyuji kutazama chumba kingine, kibaya, chenye choo cha kushirikiana na gereji. Wakati wa kurudi nikapita kwenye ile barabara. Mlango ulikuwa wazi. Ukuta umepakwa rangi mpya. Juu ya stuli amesimama Salma, binti wa Bi Zuhura, anaandika kwa brashi: WALI, PILAU, CHIPSI. Ndani mtu alikuwa anajaribisha jiko.

Moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Wallahi sitii chumvi.

Salma akageuka na uso wote ukicheka. "Karibu, Mama Rahma! Jumatatu tunafungua. Utakuja unionjee pilau, wewe ndiye mwalimu wetu."

Nikasema hongera. Mdomo wangu una adabu kuliko mimi.

Mpaka leo sijui kama msichana yule alikuwa ananicheka au hajui chochote. Nimeligeuza lile neno "mwalimu wetu" pande zote. Kupika hajui, hilo nalijua, alishanisaidia kwenye maulidi akatuunguzia sufuria nzima ya mchele.

Jana nikaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Kaa."

"Sikai. Uliniambia uliona moshi."

"Niliuona. Kwa jina lako na la mama yako, niliuona. Kwa jina la Salma niliona maji."

"Maji."

"Masafi."

"Na namba ya Mzee Ndahani uliiota pia?"

Akatengeneza ushungi wake taratibu. "Ulinipa mwenyewe. Na usinivunjie heshima, mimi nimekukeshea. Mungu alinionyesha kwamba si pako. Hakunionyesha kwamba si petu."

Hakunionyesha kwamba si petu. Nimekuja na sentensi hiyo kutoka kwake mpaka nyumbani, nimelala nayo, nimeamka nayo, na sasa iko hapa mezani pamoja na vumbi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nilimtazama usoni nikimtafuta mwizi na sikumwona. Nilimwona mtu mzima anayeamini anachokisema. Mwizi ningejua la kumfanya. Ningepiga kelele darasani, ningemwita mjumbe, ningemwaga yote hadharani. Huyu utamfanyaje? Ataapa kwamba aliota, na mimi naamini aliota. Ukishapewa mtaa, kodi na idadi ya wateja, ukalala huku binti yako asiye na kazi yuko chumba cha pili, kwa nini usiote maji masafi?

Niliondoka bila kuaga. Jambo hilo sijawahi kumfanyia mtu mzima.

Jioni nikampigia mama yangu Kolo. Nilitaka anionee huruma, ndiyo kazi ya mama. Nikamwamkia, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini usiswali mwenyewe?"

Akaendelea, "Mume tulitaka kukuchagulia ukakataa, ukasema una akili zako. Tukanyamaza. Fremu ndiyo ukaagiza uchaguliwe?" Akacheka, yeye na dada yangu aliyekuwa pembeni yake, na mimi nikakata simu nikijifanya mtandao umeisha. Sikuonewa huruma na mtu yeyote.

Na sasa nifike kwenye hasira niliyokuwa naizungukia.

Na Wewe pia, Mola wangu. Nimekukasirikia, na kwa kuwa unajua, sioni faida ya kuficha. Ulikuwepo nikimtajia mlango. Ungeweza kunifunga ulimi. Ungeweza kumpa Mzee Ndahani ukali kidogo aniambie mama, acha mchezo, lete mkataba. Nimefunga, nimeswali, nimetoa nilichonacho, alfajiri nakuwa macho kabla ya muadhini kwa sababu ya maharage, lakini nakuwa macho, na nakuswalia. Yote hayo, halafu fremu unampa anayeunguza mchele?

Nimesoma nilichoandika hapo juu. Sifuti. Ila nimeona kitu ambacho sikukipenda. Katika hesabu yote hiyo ya niliyoyafanya, hakuna mahali nilipokuuliza. Nimekudai jibu la swali nililompelekea Bi Zuhura.

Basi. Tuendelee, maana kuna jambo la leo.

Leo mchana Mzee Ndahani alinipigia. Ametoka kanisani, nilisikia watu wanaagana nyuma yake. Akasema, kwa maneno yake machache, kwamba amesikia aliyechukua fremu ni mtu wa nyumba ya yule aliyekuwa ananiombea, na hajalipenda. Mkataba hawezi kuuvunja. Ila ule uwanja wa nyuma ni wake bado, una lango lake upande wa pili. Nikitaka kuezeka banda nipike hapo, atanipa kwa masharti yaleyale ya mwanzo. Anataka jibu Jumatano, kuna fundi seremala naye anauulizia.

"Na safari hii," akasema, "kama unamwuliza Mungu, muulize mwenyewe. Huyo wa katikati ana watoto."

Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Halafu nikakata simu na kichwa kikaanza kazi. Uwanja ule na fremu ya Salma vinagawana ukuta mmoja. Upepo wa Dodoma ukivuma kama unavyovuma sasa, harufu ya mchuzi wangu itapita juu ya bati lake mpaka mezani kwa wateja wake. Nikitoa wali maharage na mchicha kwa bei ndogo kwa mwezi mmoja tu, wanafunzi wote watahamia kwangu. Salma hana mpishi, hana mtaji wa kustahimili, hawezi kupikia zaidi ya watu thelathini bila kulia. Nikampa miezi mitatu. Nikaona mlango wake umefungwa kwa kufuli, na Bi Zuhura anapita na ushungi wake akitazama chini.

Ilikuwa picha tamu sana.

Ndipo nikagundua kwamba sijapiga hesabu ya mabati. Sijawaza mbao, wala maji nitayavuta kutoka wapi, wala kama wale wanawake wangu watatu watakubali kwenda Miyuji kila siku. Nilikuwa nimemaliza hesabu ya kumwangusha Salma kabla sijaanza ya kwangu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kupiga hesabu kwa mtindo huo.

Uwanja ni mzuri. Hilo ni kweli hata nisingekuwa na hasira. Watu wale niliowahesabu bado wanapita. Lakini nikisema ndiyo leo, sijui anayesema ni nani. Na nikisema hapana, huenda ni kiburi tu kwamba sitaki kukaa nyuma ya Salma. Pande zote mbili nimekaa mimi, na ninanuka moshi.

Adhana ya adhuhuri ilinikuta hapo. Nikatawadha kwenye karai la nyuma, nikaingia stoo, nikatandika mkeka kati ya magunia ya mchele na debe la mafuta, nikaswali. Kisha nikasimama tena nikaswali zile rakaa mbili, kwa ajili ya jambo langu, mwenyewe.

Dua yake tulifundishwa chuoni Kolo tukiwa watoto, kwa Kiarabu, kwa kuimba, tukitikisa vichwa. Naiweza bila kufikiri, na hapo ndipo penye tatizo. Niliisoma mpaka mwisho kwa pumzi moja. Nikanyanyuka. Nikajisikia kama mtu aliyeweka sahihi bila kusoma karatasi.

Nikakaa tena, nikasema kwa Kiswahili, polepole, kama ninavyomweleza mtu bei.

Nikasema: Wewe unajua na mimi sijui. Hapo nilisita kidogo, kwa sababu mimi hupenda kujua. Nikaendelea. Unaweza na mimi siwezi. Nikataja jambo: uwanja wa Mzee Ndahani. Nikasema kama una heri kwangu, kwa dini yangu na kwa maisha yangu na kwa mwisho wangu, nipe na unirahisishie. Kama una shari, uondoe kwangu na uniondoe kwake. Nipangie heri popote ilipo.

Mpaka hapo nilikuwa nakwenda vizuri.

Halafu linakuja neno la mwisho. Kisha uniridhishe nayo.

Sikuweza.

Nililisema, maana ulimi unaendelea wenyewe, lakini mimi nilikuwa nimebaki nyuma. Nilijua maana yake kwa mara ya kwanza, na mwanamke mwenye umri wangu hapaswi kusema hivyo. Maana yake ni kwamba kama heri yangu iko kule kwenye choo cha gereji, niridhike. Kama seremala akichukua ule uwanja, niridhike. Kama Salma akijifunza kupika, wateja wakajaa mpaka barabarani, na mimi nikipita na kapu langu nikawaona, niridhike. Hata hilo. Yaani nimkabidhi Mungu jibu, na nimkabidhi pia namna nitakavyojisikia nikishalipata.

Jibu nilikuwa tayari kutoa. Hasira sikuwa tayari. Hii ni yangu, nimeipata kwa haki.

Nikakaa pale kati ya magunia mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuona maji, sikuona nyoka. Niliona panya mmoja, na kesho nitaleta mtego.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipofika. Nina muda mpaka Jumatano. Kesho asubuhi nitauliza bei ya mabati, kwa sababu kumwuliza Mungu hakunizuii kumwuliza na mwenye duka. Nitauliza tena na kile chumba cha karibu na gereji, bila kununa. Nikirudi nitasimama kwenye mkeka uleule na nitasema maneno yaleyale kwa Kiswahili, na nitasimama pale pagumu. Kesho kutwa vilevile. Siombi ndoto. Naomba nifike siku moja niseme lile neno la mwisho na mimi niwemo ndani yake. Siku hiyo, hata iwe Jumatano saa ya mwisho, nitampigia Mzee Ndahani, na jibu litakalotoka nitaliamini, liwe ndiyo au hapana.

Na nisipofika? Hilo nalo sijui. Seremala atapata uwanja, na mimi nitakuwa nimejifunza kwamba hasira yangu ina kodi kubwa kuliko fremu.

Maandishi haya siyaweki kwenye blogu mpaka Alhamisi. Safari hii jambo silitaji kabla. Na ninyi mtakaoyasoma, ambao najua mna nia njema, msiniandikie mlichoota.

Kuhusu Bi Zuhura sijamsamehe. Alhamisi darasani nitakwenda, nitakaa mbele, na nitamwamkia, kwa kuwa nilimwacha bila kuaga na hilo ni deni langu, si lake. Zaidi ya hapo sijaahidi.

Pilau la Salma sitakwenda kulionja kesho. Hilo nalo nimeamua mwenyewe, bila istikhara.

Upepo umepungua. Nimeloweka maharage kilo kumi, ya watu wa kesho, hapahapa Nkuhungu. Mengine yote yako kwa Mungu, isipokuwa lile neno moja. Lile bado liko kooni.